Hatukutupa makaa, tulitupa mchanga

Nilimtumia Baba sauti ya sekunde 47 kwa WhatsApp. Haina neno hata moja ndani yake. Ni kichwa cha treni ya mvuke kinaondoka stesheni ya Drei Annen Hohne, katikati ya msitu wa Harz, Ujerumani, kikiwa na mabehewa saba mgongoni na mlima mbele yake. Nilisimama karibu kabisa na magurudumu, mvuke wa pembeni ukanilowesha suruali mpaka magotini, na mkono ulioshika simu ulikuwa unatetemeka.

Jibu lilikuja baada ya robo saa, nalo kwa sauti, maana macho ya kuandikia hana tena.

"Mwanangu, nimesikia. Mashine nzuri. Ila dereva wako ana papara. Amefungua mvuke mabehewa hayajashikana vizuri. Hukusikia pale mwanzo magurudumu yameteleza? Chu-chu-chu-chu, halafu kimya, halafu anaanza upya. Sisi ukifanya hivyo Tabora, jioni ukifika klabu ushapewa jina. Tulikuwa na mmoja akiitwa Msasa."

Nikarudia kusikiliza. Sekunde ya tisa, kweli, chu-chu-chu-chu. Mimi nilikuwepo pale, nimetoa nauli yangu, na sikuisikia. Mzee wa miaka 82 ameisikia kwenye simu ya laki moja na nusu, kibarazani, kuku wakipiga kelele.

Baba aliingia reli mwaka 1963, enzi za East African Railways. Alianza kwa kusafisha vichwa, akawa fayamani, yaani mtunza moto wa kichwa, kisha akasomeshwa dizeli, na alistaafu akiwa dereva wa TRC mwaka 1998. Mimi nimezaliwa Tabora mwaka 1979, kwenye kota za reli, na mvuke sikuuwahi. Nilichokikuta ni maiti zake: vichwa vya zamani vimeegeshwa nyuma ya karakana, vimeota kutu rangi ya udongo wa kichuguu, mijusi imehamia ndani ya tanuri. Tulikuwa tunapanda, tunagombania kiti cha dereva, na aliyeshindwa anakuwa fayamani. Baba alikuwa akitukuta hapo hatuchapi. Anasimama, anatazama, kisha anasema, "Fayamani hakai. Simama."

Sasa naishi Halle, mji wa mashariki ya Ujerumani, nafanya kazi ya zamu kwenye bohari. Mei inapoelekea ukingoni huwa siwezi kukaa nyumbani siku ya mapumziko. Jua linachelewa kuzama hadi baada ya saa tatu usiku, koti linabaki kwenye msumari, na treni za mvuke za milimani na za pwani zinakimbia kila siku. Hizo si treni za maonyesho tu, zina ratiba na abiria, na katika baadhi ya vijiji mtu anaipanda kwenda kununua mkate. Nina ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, inayokupandisha treni zote za mikoani, mabasi na tramu. Kwenye treni za mwendokasi haikubaliki, na kupanda mlima Brocken kwa mvuke unakata tiketi nyingine, tena si ya bei ya kutupa. Mke wangu anauita msimu huu "Ramadhani ya mabehewa", kwa kuwa nakuwa sionekani mchana.

Safari ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Mei. Nilitoka Halle alfajiri hadi Nordhausen, nikavuka barabara kuingia kituo kidogo cha reli ya milimani, Nordhausen Nord. Kutoka hapo reli inakata milima ya Harz toka kusini hadi kaskazini, kilomita 60 na kidogo, mpaka Wernigerode. Ilikamilika mwaka 1899. Nikiri kwamba sehemu kubwa ya kwanza niliivuka kwa dizeli, behewa moja lenye injini tumboni, linanguruma kama daladala ya zamani. Halikuniudhi. Dirisha lilifunguka, msitu ulikuwa mbichi, na vituo vya njiani vina majina ya ajabu: kuna kijiji kinaitwa Sorge, maana yake wasiwasi, na kinachofuata kinaitwa Elend, maana yake dhiki. Gadi anayatangaza bila kucheka. Unatoka Wasiwasi, unafika Dhiki, halafu unashuka Drei Annen Hohne na kukuta kichwa cheusi kinapumua.

Hapo ndipo njia zinapogawanyika, moja inashuka Wernigerode, nyingine inapanda Brocken. Vichwa hunywa maji hapo. Fayamani anapanda juu ya tangi, anavuta bomba kubwa, anafungua, anasubiri huku ameshika kiuno. Dereva anazunguka na kopo la oili lenye mdomo mrefu, anagusa kila kiungo kwa kiganja kuona kama kina moto usio wa kawaida. Baba aliwahi kuniambia kwamba dereva wa mvuke humjui kwa sare, unamjua kwa kiganja. Huyu alikuwa na kiganja chenyewe.

Mimi nilikuwa na shughuli yangu nyingine. Kwenye begi nilikuwa na futi kamba.

Miaka nimekuwa nikisoma kwamba reli ya Harz ni ya mita moja, sawa na reli yetu ya kati, ile Wajerumani waliyoanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Kusoma ni jambo moja. Nilitaka kupima. Pale stesheni abiria wanavuka reli kwa miguu juu ya mbao, basi nikachuchumaa kama ninayefunga kamba za kiatu, nikaweka ncha ya futi ubavuni mwa reli ya kushoto, upande wa ndani, nikaivuta hadi ya kulia. Ikasoma mita moja na milimita tatu.

"Kuna tatizo?" Mtu mwenye kofia nyekundu alikuwa amesimama juu yangu.

Nikamweleza. Kwetu Tanzania tuna reli ya upana huu huu, baba yangu ameendesha treni juu yake, nataka kumpelekea vipimo. Nilitegemea kufukuzwa. Yule bwana akachuchumaa naye, akaitazama futi, akasema hapo pamekaa vizuri, lakini nikienda kwenye kona kali nitakuta zaidi, maana kwenye kona reli huachanishwa kidogo ili magurudumu yasibane. Kisha akaniuliza kama huko kwetu bado inatumika. Nikamwambia inatumika, pembeni yake tumejenga nyingine, pana zaidi, ya umeme. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikuielewa, akaenda kupuliza filimbi yake.

Nilipompigia Baba jioni, kabla sijamaliza kusema "milimita tatu", akanikatiza: "Na kwenye kona je?"

Wajerumani huziita reli za namna hii kwa neno lenye maana ya njia nyembamba. Baba hataki kulisikia. "Nyembamba? Imebeba pamba ya Mwanza, tumbaku ya Urambo, dagaa wa Kigoma na nchi nzima juu yake. Nyembamba ni akili ya aliyeiita." Na hapo hajaanza kuzungumzia Garratt. Vile vichwa vikubwa vya darasa la 59, vilivyokuwa vikitoka Mombasa kupanda Nairobi, vilikuwa 34, vilitengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja tani 252, vyote kwenye reli hii hii ya mita moja. Hakuna kichwa cha mvuke chenye nguvu kuliko hivyo kilichowahi kutembea kwenye reli ya upana huo. Kimoja, namba 5918, Mount Gelai, kimesimama makumbusho ya reli Nairobi. Nilipokwenda kukiona, niliweka kiganja kwenye chuma chake cha baridi nikajikuta naongea kwa sauti ya chini kama niko msibani.

Makumbusho hayo hayo yana kichwa namba 3020, kilichotengenezwa Glasgow. Darasa la 30 lilipewa majina ya makabila, na hiki kinaitwa Nyaturu. Baba amefanya kazi kwenye vichwa vya darasa hilo. Vilikuwa vyepesi kwa reli, na vilivuta tenda kubwa la maji nyuma, kwa sababu kati ya Dodoma na Tabora maji si kitu cha kutegemea. Mama yangu ni Mnyaturu wa Singida. Unaona mambo yanakoelekea. Tangu nikiwa mtoto Baba hurudia maneno yale yale: "Mke wangu wa kwanza alikuwa Mnyaturu wa Glasgow. Yule ukimpa maji na mafuta, hasemi kitu." Na Mama hujibu yale yale: "Na mbona hakukuzalia?"

Mafuta, ndiyo. Hilo ndilo lililonifanya nianze kumrekodia Baba sauti. Nilidhani namletea kumbukumbu ya kazi yake, kumbe namletea kazi ya watu wengine. Vichwa vya Harz vinakula makaa ya mawe. Vya kwetu, wakati wa Baba, vilichoma mafuta mazito, yale meusi yanayoganda kama asali ya baridi, yanapashwa moto kwanza na mvuke ndipo yakubali kutoka. Fayamani hakuwa na chepe. Alikuwa na valvu mbili tatu mkononi, jicho moja kwenye kioo cha maji na jingine kwenye moshi.

"Kwa hiyo ulikuwa hutupi kitu, Baba?"

"Nani kasema? Hatukutupa makaa, tulitupa mchanga."

Nilidhani ananitania. Akanieleza taratibu. Mafuta yale yana masizi. Masizi yanakaa ndani ya mirija ya boila, yanaivisha nguo, moto unapita bila kupasha maji. Sasa treni ikiwa imekaza mwendo, kichwa kinavuta pumzi kwa nguvu, fayamani anachukua mchanga mkavu kwenye kikopo, anaufikisha kwenye kitundu cha mlango wa tanuri, na kichwa chenyewe kinaunyonya kutoka mkononi mwake. Mchanga unapita kwenye mirija yote kwa kasi, unaisugua, unatokea juu kwenye bomba na wingu jeusi kama wino. "Ukitaka kulifanya hilo, unachagua mahali. Hulifanyi stesheni mama za watu wameanika nguo. Mimi nililifanya mara moja karibu na kota za reli. Bibi yako alifua upya mashuka sita, na mimi nikala ugali wa jana."

Nina umri wa miaka 46 na hilo sikuwahi kulisikia. Miaka yote nilikuwa namuuliza Baba kuhusu mwendo na ajali na simba wa njiani, naye ananijibu simba.

Juni ilipoingia nikafanya jambo la kijinga, nikaenda baharini. Kaskazini kabisa, Bad Doberan karibu na Rostock, kuna treni ya mvuke inaitwa Molli. Reli yake ni ya milimita 900, kilomita 15 na nusu hivi, na kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1886. Kutoka Halle kwa treni za mikoani ni kubadilisha mara tatu au nne, saa sita na zaidi. Nikapanga kwa kalamu na karatasi, dakika saba hapa, dakika tisa pale. Fundi wa ratiba.

Treni ya pili ya siku hiyo, ya kampuni ambayo sitaitaja, ilisimama katikati ya shamba la ngano kwa dakika 40. Hakuna tangazo. Dereva alipita katikati ya behewa akaingia chumba cha nyuma akarudi, amekunja uso. Nilipofika njia panda, treni yangu ilikwisha ondoka, inayofuata ni baada ya saa mbili, na duka la pekee la stesheni lilikuwa limefungwa kwa sababu ya sikukuu. Nikala ndizi moja niliyokuwa nayo. Kando yangu alikaa mzee mwenye kamera tatu shingoni, naye anakwenda huko huko. Hatukusema mengi. Alinifungulia daftari lake la namba za vichwa, kurasa kwa kurasa, miandiko midogo ya penseli tangu ujanani, na mimi nikamwonyesha picha ya Nyaturu. Aliitazama muda mrefu, akaniomba namba, akaiandika. 3020. Akachora mstari chini yake, halafu akaweka alama ya kuuliza pembeni, kwa kuwa yeye huandika alivyoviona kwa macho tu.

Molli niliipata saa tisa alasiri, na iliniponya. Inatoka stesheni kama treni yoyote, kisha inaingia mtaani. Namaanisha mtaani. Reli imezama kwenye mawe ya barabara, upande huu duka la viatu, upande huu watu wanakunywa kahawa, na kichwa kilichotengenezwa mwaka 1932 kinapita katikati yao kikigonga kengele bila kukoma, taratibu kama bibi harusi. Mwenye meza ya nje anavuta kiti chake ndani kidogo bila hata kugeuka. Mtu unaweza kunyoosha mkono dirishani ukachukua donati ya mwenzio. Nilimrekodia Baba kengele hiyo. Akasema inamkumbusha muuza barafu.

Baada ya hapo reli inakwenda kando ya barabara yenye miti iliyopandwa mistari miwili, inafika Heiligendamm, na upepo wa bahari unaanza kuingia behewani ukichanganyika na moshi. Ile harufu, chumvi na makaa, sijui niifananishe na nini. Nilirudi Halle saa nane usiku na zamu yangu ilianza saa kumi na mbili. Sisemi nilifanya kazi vizuri.

Jumapili iliyofuata nikaenda Selketal, upande wa mashariki wa Harz, kutokea Quedlinburg. Mvua ilinyesha tangu mwanzo hadi mwisho, sikuona kitu zaidi ya kioo chenye ukungu. Nikala, nikalala, nikarudi.

Lakini mvua hiyo niliishukuru, kwa sababu safari kubwa ilikuwa bado. Nilikuwa nimemwahidi binti yangu, ana miaka 11, kumpandisha Brocken kwa mvuke. Na kila asubuhi nilikuwa naangalia kiwango cha hatari ya moto wa msituni. Kichwa cha makaa hutema cheche. Msitu ukikauka sana, mvuke huzuiwa na dizeli inachukua kazi, na hilo ni jambo la haki kabisa: Septemba 2022 mlima huo uliungua siku kadhaa. Isitoshe miti mingi ya huko ni mifu. Baada ya ukame wa 2018 wadudu wanaotoboa magome waliishambulia misonobari, na leo unapita katikati ya milingoti ya kijivu, mamia kwa mamia, imesimama bila jani. Ni kuni zilizosimama wima zikisubiri. Kwa hiyo nilikuwa naomba mvua, nikiwa Ulaya, mwezi wa sita, ili nipande treni. Mama aliposikia akasema watu wa Singida wangenipiga mawe kwa kuomba mvua ya starehe.

Mvua ilinyesha Ijumaa usiku. Jumamosi tukapanda treni ya asubuhi kutoka Halle moja kwa moja hadi Wernigerode, na pale jukwaani, nyuma ya mabehewa ya rangi nyekundu na krimu, ulikuwepo moshi.

Vichwa hivi vilitengenezwa Babelsberg kati ya mwaka 1954 na 1956, kumi na saba, vina magurudumu matano makubwa kila upande yanayovuta, na mwendo wao wa juu ni kilomita 40 kwa saa. Mabehewa yana kibaraza cha wazi mwishoni, unaruhusiwa kusimama. Tukasimama kibaraza cha behewa la kwanza, nyuma kabisa ya kichwa. Mtu yeyote mwenye shati jeupe aliingia ndani baada ya dakika kumi. Sisi tulikuwa tumevaa nyeusi, Baba alikwisha tuagiza.

Alikuwa amempa mjukuu wake na kazi. "Mchumba wangu," alimwambia kwa simu usiku ule, "huyo baba yako hana sikio, nakutegemea wewe. Shika saa. Moshi ukiwa mweusi, hesabu. Akitupa makaa lazima utoke mweusi kidogo, hapo hana kosa. Lakini fayamani anayejua, anatupa kidogo kidogo, na moshi unarudi kijivu upesi. Ukikaa mweusi, anaujaza moto mpaka anaukaba. Na stesheni usikilize valvu ya juu. Ikilia fshaaa wakati treni imesimama, basi amepika mvuke wa kumwaga. Mvuke ule ni maji na moto wa watu."

Kwa hiyo kutoka Drei Annen Hohne kwenda juu, katika njia ya kilomita 19, mwanangu hakuangalia mandhari hata kidogo. Alishika simu yangu yenye saa, shingo ameikunja nje, uso umeanza kupata vidoadoa vyeusi, anaripoti kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Halle. "Mweusi! Moja, mbili, tatu..." Alifika kumi na nane. Mara ya pili kumi na nne. Mlima ukakaza, pale ambapo kila mita 30 reli inapanda mita moja, na sauti ikabadilika. Kila mzunguko wa gurudumu unatoa mapigo manne, na pale juu ungeweza kuyahesabu moja moja kama mtu anayepasua kuni huku ameshika nia. Kifua kinatikisika. Cheche moja ilitua kwenye mkono wa koti langu ikaacha kitundu kidogo kuliko punje ya mtama. Nimekataa kukishona.

Kuna mahali treni moja inarudi kinyumenyume kuingia njia ya pembeni ili kuipisha inayoshuka. Tulisimama hapo kimya, mvuke unapita kwenye miti mikavu, na mwanangu akanishika mkono. "Sikia." Nikasikiliza. Sikusikia kitu. "Ndiyo," akasema. "Valvu hailii."

Sehemu ya mwisho reli inauzunguka mlima mara moja na nusu kabla ya kufika. Stesheni ya juu iko mita 1,125, na kilele mita 1,141, mrefu kuliko milima yote ya kaskazini mwa Ujerumani. Zamani raia hawakufika. Mpaka wa Ujerumani mbili ulipita karibu, na kuanzia Agosti 1961 mlima ulifungwa. Juu walikaa askari na mitambo ya kusikiliza mazungumzo ya upande wa pili, na treni iliyopanda ilikuwa ya kuwapelekea mahitaji. Abiria walirudi na mvuke Septemba 1991. Siku yetu sisi kulikuwa na ukungu mzito na upepo wa kukata masikio, mwezi Juni. Tukanywa supu ya njegere, tukampigia Babu.

"Mmefika juu?"

"Tumefika, shikamoo Babu. Mita 1,141!"

Kimya kidogo. "Marahaba. Hapa Tabora ni mita ngapi?"

Nikaangalia. Kama mita 1,200.

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo mmelipa nauli yote hiyo, mmepanda siku nzima, na bado mko chini ya kibaraza changu?"

Mwanangu akatoa ripoti yake: mweusi mara tisa, mrefu kuliko yote sekunde 22, valvu imelia mara moja tu, tena kidogo, kwenye stesheni ya njiani ya Schierke. Baba akaisikiliza yote bila kumkatiza. Akasema huyo fayamani wangemchukua Tabora. Sijawahi kumsikia akimsifia hivyo mtu aliye hai.

Jioni Wernigerode, kichwa kilipoachanishwa na mabehewa na kusogea kupata makaa, nilimwona fayamani mwenyewe ameshuka, kijana wa miaka kama thelathini, anakunywa maji ya chupa kana kwamba hatakunywa tena. Nilimwambia kwamba kuna mzee Tabora, Tanzania, amempa alama. Ilibidi nimweleze mara mbili. Alimgeukia dereva wake akamwambia kitu, wakacheka, kisha akaniuliza mzee anataka nini kutoka hapa. Nikasema hajawahi kushika makaa ya mawe kazini. Alichoma mafuta, alitupa mchanga. Kijana akaenda mwenyewe, akarudi na kipande ukubwa wa ngumi, amekifunga kwenye gazeti.

Kipo dirishani jikoni kwetu sasa, ndani ya kopo la siagi, kwa sababu mke wangu amekataa kisiguse kitu chake chochote. Agosti tunakwenda nyumbani. Dar hadi Dodoma watoto wanataka ile ya umeme, na kutoka hapo nimeomba twende kwa reli ya zamani, nikae dirishani na futi kamba. Jana Baba aliuliza kama kipande kile kinanuka. Nikakinusa. Hakinuki chochote, nikamwambia, labda mpaka kiwake.

"Basi kilete. Tutakiwasha hapa jikoni."

Nyuma yake nikamsikia Mama, kutoka mbali, sauti ya mtu aliyeinama kwenye sufuria: "Jikoni kwangu? Akakiwashe kwa mke wake wa Glasgow."